Mzabibu wa baridi hauhurumiwi

Ukiwaambia watu kwamba zabibu huzaa Limuru, wataguna. Wengi wetu tunazijua zile za Dodoma, Tanzania, kwenye joto na ukavu, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu hauruhusu hata kuona lango la jirani.

Hata hivyo, baba mkwe wangu alipanda mzabibu kando ya ukuta wa mawe wa jikoni, upande unaopigwa na jua la alasiri. Alichagua vyema, kwani mawe hushika joto mchana na kulitoa polepole usiku. Alifariki mwaka wa 2016 kabla ya kuonja hata punje moja.

Tangu hapo mavyaa hakuruhusu kisu kiuguse. Ulikuwa ukumbusho wake. Ukatambaa hadi paani, majani tele, matunda hakuna. Kila msimu wa baridi majani yalivaa unga mweupe wa ugonjwa. Mume wangu akataka kuung'oa apande nepia ya ng'ombe. Mama na mwanawe wakawa hawasemezani.

Kumbe baridi haikuwa shida pekee. Mzabibu huzaa kwenye machipukizi mapya yatokayo katika matawi ya mwaka uliopita. Usipopogolewa, nguvu huishia majanini, kivuli huzidi na ugonjwa hupata makao. Tena kwetu hakuna majira ya theluji ya kuulaza kama Ulaya. Mkasi ndio huuambia uanze upya. Ukipogoa mwishoni mwa Agosti na kuacha macho mawili matatu kwa kila tawi, matunda huwahi jua la Januari na Februari.

Nilimweleza mavyaa hayo yote. Alinyamaza siku tatu, kisha akaniita.

"Mwanangu, leta huo mkasi. Lakini nitakata mwenyewe."

Alikata huku machozi yakimtiririka.

Februari iliyofuata tulihesabu vishada 11, vidogo na vyenye uchachu kidogo. Cha kwanza alimpa mwanawe mkononi. Nepia ilipandwa kwingine.

Akina mama wenzangu, nyumba nyingi zina kitu cha marehemu kinachofifia kwa kuhurumiwa: shamba, duka, hata cherehani. Aliyekiacha alitaka kizae.