Shoka la kale au la juzi?

Mshikaji ninayekaa naye chumba kimoja anataka kutoa hela ya kodi anunue tomahoki, eti ya miaka ya 1700. Picha aliyotumiwa ni moja tu, ya ubavuni. Mimi si ndiye msoma akiolojia, basi nikaulizwa.

Jina tomahoki limetoka kwa wenyeji wa pwani ya Virginia, ila vichwa vya chuma vililetwa na Wazungu, wakibadilishana kwa ngozi za wanyama. Cha kutazama kwanza ni tundu la mpini. Mhunzi wa enzi hizo alikunja bapa la chuma kuzunguka nondo, akaligonga likiwa la moto mpaka ncha mbili zikashikana, kisha akapachika chuma cha pua kwenye makali. Kwa hiyo mara nyingi alama ya maungio huonekana mbele ya tundu, na kisogoni hakuna uzito. Ukikuta mshono mwembamba umezunguka shoka zima, hilo limemiminwa kwenye kalibu. La juzi hilo! Kutu isikubabaishe, chumvi na siki vinaileta kwa siku chache.

Yalikuwa na thamani kweli lakini. Baridi ya 1804–05 pale Fort Mandan, John Shields, mhunzi wa msafara wa Lewis na Clark, alifua mashoka ya vita, Wamandan wakalipa mahindi. Wanajeshi wenye bunduki wanalishwa na nyundo, jamani!

Mshikaji nimemwambia aombe picha ya juu, tundu lionekane lote. Muuzaji kimya tangu juzi.