Inkisari ya Betri

Malenga wenzangu, siku ya arobaini ya kaka yangu nilisoma shairi la maombolezo mbele ya jamaa. Lilikuwa tarbia, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vimetimia kati na mwisho. Wazee waliridhika. Baada ya watu kutawanyika, binti yake alinifuata barazani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba mdogo, shairi zuri. Lakini mbona baba simsikii humo?"

Alikuwa na haki. Jina la marehemu halikutajwa hata mara moja. Nilimjibu kama mwalimu: jina la Salahidini lina mizani tano, na tano katika kipande cha nane ni mzigo. Nikaandika "ndugu yangu", nikasonga mbele. Aliitikia kwa adabu. Jibu langu, hata hivyo, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kaka aliniachia gari lake, Eunos Roadster. Ndilo jina ambalo Mazda walilitumia Japani tangu 1989. Kwingineko gari hilo hujulikana kama MX-5. Lina viti viwili na paa la turubai. Waliolibuni walijiwekea shabaha moja kubwa, wepesi, na wakasema dereva na gari wawe kama mpanda farasi na farasi wake: viumbe wawili, mwili mmoja. Kaka aliipenda fikra hiyo. Kila kitu alichokiona cha ziada alikitoa, na usukani ulipojibu upesi alicheka peke yake.

Baada ya mazishi sikuligusa gari kwa miezi tisa. Nilipolirudia, ufunguo ulitoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Betri ya risasi ikiachwa bila chaji, salfeti hugandamana kwenye bamba zake hadi isipokee tena umeme. Ile ilikuwa imekufa kwa kuachwa. Nilisita kuitoa, maana vifungo vyake aliyevikaza mara ya mwisho ni yeye. Lakini nilijua pia kwamba alitamani siku moja kuweka betri nyepesi ya lithi. Nikaamua kuitimiza nia hiyo.

Hapo lugha ilinichekesha. Risasi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, kwetu ni madini na pia ni kitu kinachotoka mtutuni. Uzito umo ndani ya jina. Lithi, kwa upande wake, ilitambuliwa nchini Sweden mwaka 1817 na Johan August Arfwedson, akiichunguza petalaiti, ambayo ni aina ya jiwe. Ikapewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe. Kumbe metali nyepesi kuliko zote, inayoweza kuelea juu ya maji, ndiyo inayoitwa jiwe! Na nasi wauza nafaka wetu huweka mawe kwenye mizani.

Nilizipeleka betri zote mbili kwenye duka la nafaka la mtaani. Ile ya zamani ilisoma kilo 11.6, mpya 3.4. Tofauti ni kilo 8.2. Kwa gari lenye uzito usiozidi sana kilo 950, hiyo haifiki hata asilimia moja. Ndani yake, betri ya risasi ina seli sita, kila moja ikitoa volti mbili na ushei. Hii ya fosfeti ya chuma na lithi ina seli nne za volti 3.2. Mshairi angesema tasdisa imegeuzwa tarbia, na maana imebaki ileile.

Fundi wangu wa Gerezani hakukubali kwamba maana imebaki ileile. Aliishika betri mpya kwa mkono mmoja, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Mwalimu, huu uzito unaoutoa, unajua ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikakiri kwamba sijui. Akanieleza. Kwanza, nisidanganywe na namba kubwa iliyobandikwa ubavuni: wauzaji wengi huandika kiasi cha kulinganisha na betri ya risasi, ilhali akiba halisi ni ndogo zaidi. Itawasha injini kwa nguvu, lakini nikisahau taa usiku, asubuhi nitaisikia. Pili, chaji ya gari ipimwe kwanza, isipande juu ya volti 14.6. Tatu, na hili ndilo lililonigusa, betri ya risasi huaga. Injini huanza kuwaka kwa uvivu, taa hufifia, mwenye gari akapata siku za kujiandaa. Ya lithi hushikilia volti zake karibu hadi mwisho, kisha huanguka ghafla. "Hii haikwambii inaumwa," alisema.

Sikumjibu. Kaka yangu naye hakutuambia. Alikula chakula cha usiku nasi, akalala, hakuamka.

Tuliipima chaji: volti 14.2. Betri ilifungwa kwenye buti, upande wa kulia, mahali pake pa siku zote. Bahati njema, pako mbali na joto la injini. Ile ya zamani niliipeleka kwa mnunuzi wa betri chakavu, kwa kuwa risasi ni sumu na haitupwi jalalani. Gari liliwaka mara moja. Nikaliendesha, nikitega sikio kwenye kila kona. Nikisema niliuhisi wepesi wa kilo nane, nitakuwa nimesema uongo. Nilichokihisi ni swali la fundi.

Sisi washairi tunayo ruhusa ya inkisari. Tunakata silabi ili mshororo ukae sawa, na mara nyingi neno halidhuriki. Hata hivyo, ruhusa hiyo inatuzoesha kukata kwanza na kuuliza baadaye. Betri ya zamani niliitoa nikijua ninachopoteza, kwa sababu mtu aliniuliza kabla ya spana kugusa boliti. Jina la kaka nililitoa bila kuulizwa na yeyote. Nililiita mzigo. Ukweli ni kwamba nilishindwa kulitamka mbele za watu bila sauti kukatika, na mizani ikanipa mahali pa kujificha.

Usiku ule nilifungua daftari. Ukwapi wa mshororo wa kwanza ulisomeka: "Ndugu yangu kaondoka." Nikaufuta, nikaandika: "Salahidini kaenda." Kina cha kati kikatoka "ka" kikawa "nda", na ubeti mzima ukaporomoka. Ilinichukua juma zima kuujenga upya.

Jumapili nilimpitia binti yake kwa gari la baba yake. Kabla hatujaondoka nilimpa karatasi. Alisoma kimya, kisha nikaona vidole vyake vikihesabu juu ya goti, kimoja kimoja: sa, la, hi, di, ni, ka, e, nda.

"Nane, baba mdogo," alisema. "Anaenea."