Kamba Mbili za Nanga

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Malindi, upande wa Shela. Mashua yake aliifunga kwa kamba mbili, maana alisema kuwa kamba moja ni tumaini na kamba mbili ni amani. Mwaka mmoja alinunua kamba mbili mpya siku moja, katika duka moja, zilizokatwa katika kipande kimoja kirefu. Zote mbili zilikaa juani pamoja, zikalowa chumvi pamoja, na kuvutwa na mawimbi pamoja. Usiku mmoja wa kusi kali kamba ya kwanza ilikatika. Mjomba aliamshwa akakimbilia ufuoni, lakini kabla hajafika, ya pili nayo ilikuwa imekatika, na mashua imekwisha pigwa na mwamba.

Tangu siku hiyo alifunga kamba moja mpya na moja ya zamani kidogo, na ya tatu aliiweka nyumbani. Kila Ijumaa alizipapasa zote kwa vidole. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mwanangu, kamba zilizozaliwa siku moja hufa siku moja."

Nilicheka, kwa kuwa nilikuwa mtoto. Sikujua kuwa maneno hayo yangenirudia ukubwani, mbali na bahari, ndani ya chumba kisicho na kamba wala mashua.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya kutunza kompyuta katika nyumba moja ya matibabu mjini Kilifi. Jina lake sitalitaja, maana kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu. Kompyuta zote za mahali pale zilitegemea seva moja, yaani kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine. Ndani ya seva ile mlikuwa na programu iitwayo haipavaiza. Yafaa nikueleze kazi yake, kwa sababu ndiyo kiini cha habari hii.

Haipavaiza ni kama mwenye nyumba ya kupangisha. Huigawa kompyuta moja katika vyumba vingi, na kila chumba hujiona kuwa ni kompyuta kamili. Katika seva yetu chumba kimoja kilitunza majalada ya wagonjwa, cha pili hesabu ya dawa, na cha tatu barua za ofisi. Vyumba hivyo havikujuana, lakini funguo za vyote zilikuwa mkononi mwa mwenye nyumba. Akikosekana yeye, milango yote hufungwa, ijapokuwa mali iliyomo ndani ni salama.

Mwaka 2007 kampuni ya Marekani iitwayo VMware ilitangaza haipavaiza ndogo sana, yenye ukubwa wa megabaiti 32 tu. Kwa udogo wake haikuhitaji kuwekwa katika diski kubwa. Iliweza kukaa katika kadi ya kumbukumbu, kama zile zitumikazo katika kamera, ambayo upana wake haufikii vidole viwili. Watengenezaji wa seva, kama Dell na HP, waliona hatari ya kuitegemea kadi moja, wakaunda kifaa chenye nafasi ya kadi mbili. Kinachoandikwa katika kadi ya kwanza huandikwa pia katika ya pili. Moja ikifa, nyingine hushika kazi, na seva hutoa onyo ili mtunzaji aitoe iliyokufa na kuweka mpya.

Huenda ukauliza, kadi hufaje nayo haina roho? Kumbukumbu ya aina hii huitwa flashi, na ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba, katika miaka ya 1980. Ndani yake mna vijumba vingi mno visivyoonekana kwa macho, na kila kijumba kina ukuta mwembamba unaozizuia elektroni, yaani chembe za umeme. Kuandika ni kuzisukuma elektroni zipenye ukuta huo, na kufuta ni kuzitoa tena. Kila safari huudhoofisha ukuta kidogo. Mwisho ukuta hushindwa kuzuia, na kilichoandikwa humo hakiaminiki tena. Joto nalo huharakisha uharibifu, na chumba chetu cha seva, kama vyumba vingi vya pwani, kilikuwa na joto kuliko ilivyofaa.

Basi seva yetu ilikuwa na kadi mbili. Zilinunuliwa siku moja, zikapachikwa saa moja, zikaandikwa maneno yale yale kwa idadi ile ile, katika joto lile lile. Nilizitazama nikajiona mtu mwenye busara. Siku taa ya manjano ilipoanza kuwaka mbele ya seva, nilijua kuwa kadi moja imekufa. Nilisema moyoni, "Ipo ya pili." Juma likapita, na mwezi ukapita. Kazi iliendelea, wagonjwa walihudumiwa, na taa ile niliizoea kama mtu anavyozoea mlio wa saa ukutani.

Hapa pana jambo la hila ambalo napenda ulishike. Katika toleo la zamani tulilokuwa nalo, haipavaiza husomwa kutoka kadini wakati seva inapowashwa, kisha hukaa katika kumbukumbu ya ndani na kufanya kazi humo. Kadi yaweza kufa, na seva ikaendelea kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake asijue, kwa kuwa bado yumo ndani. Siku atakapotoka ndipo atakapojua. Kadi yangu ya pili ilikufa siku nisiyoijua hadi leo.

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu katika nchi nzima ya Kenya. Betri zetu ziliihimili seva kwa muda, kisha zikaisha. Umeme uliporudi, seva iliwaka taa zake zote, ikavuma, lakini haikuamka. Kiooni iliandika kuwa haioni mahali pa kuanzia. Majalada yalikuwa salama katika diski zake, wala hapakupotea hata neno moja, lakini mwenye nyumba hakuwapo na milango ilikuwa imefungwa.

Asubuhi ile alikuja mama mmoja na mtoto wake mwenye homa kali. Alikumbuka kuwa dawa fulani aliyopewa mtoto zamani ilimvimbisha uso hata akakaribia kukosa pumzi, lakini jina la dawa hakulikumbuka. Jina lilikuwa katika jalada, na jalada lilikuwa katika seva. Daktari aliniuliza, "Utafungua lini?" Nikainamisha kichwa. Msomaji, nimewahi kukosa mtihani na nimewahi kukosa fedha, lakini sijapata kuona haya kama haya ya siku ile, mbele ya mama aliyempakata mwanawe akingojea jibu langu.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye sote tulimwita Mama. Alifungua kabati lake akatoa daftari kuukuu. Humo, kwa wino mwekundu, aliandika kwa miaka mingi majina ya wagonjwa waliodhuriwa na dawa, na dawa zenyewe. Alifunua kurasa akalipata jina la mtoto. Alipewa dawa nyingine, na jioni homa ilipungua. Mama aliniona nimesimama pembeni, akasema, "Usihuzunike, mwanangu. Lakini ile taa nimeiona ikiwaka tangu mwezi wa Ramadhani." Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa imekwisha mwezi wa Aprili.

Daftari lile nililicheka mara nyingi. Niliona ni kazi bure kuandika mara mbili jambo moja. Kumbe daftari lilikuwa akiba ya kweli, na kadi yangu ya pili haikuwa hivyo. Lilikuwa la namna nyingine, likawekwa mahali pengine, na halikuhitaji umeme. Jambo lililoiua seva halikuweza kuligusa daftari. Kadi mbili zilikuwa pacha. Daftari lilikuwa jirani. Tena kadi ya pili ni mfano wa kioo. Ukijipaka masizi, kioo nacho kitaonyesha masizi. Kosa likiandikwa katika kadi ya kwanza, huandikwa katika ya pili papo hapo kwa uaminifu mkubwa.

Nilivuka daraja la Kilifi kwenda Mombasa kununua vifaa vipya, nikakesha siku mbili kuipanga haipavaiza upya, kwa kuwa hata nakala ya mpango wake sikuwa nayo. Baadaye nilisoma kuwa somo langu lilikwisha wafika wengi duniani. Mwaka 2020 VMware ilitoa toleo la 7 la haipavaiza yake iitwayo ESXi, ambalo liliandika mambo mengi zaidi katika mahali pake pa kuhifadhia. Kadi nyingi zikachakaa mapema, na mwaka 2021 kampuni ile ikawashauri watu waache kuzitegemea, wahamie katika vyombo imara zaidi. Nami nilihama, nikaweka diski mbili ndogo za flashi zilizo imara kuliko kadi. Lakini sikuzinunua siku moja. Nakala ya mpango huwekwa nje ya seva kila mwisho wa mwezi. Kila Jumatatu hutazama taa kabla sijanywa chai. Na mara mbili kwa mwaka, siku tuliyoichagua wenyewe, tunaizima seva na kuiwasha, ili tujue kama ufunguo bado upo.

Msomaji, wewe huenda huna seva. Lakini una insha uliyoiandika, picha za wazazi wako, cheti cha kuzaliwa, au shairi alilokusomea bibi yako. Ukiwa na nakala mbili katika mfuko mmoja, una nakala moja iliyoandikwa mara mbili. Mwizi wa mfuko hatakuachia ya pili. Iweke moja kwa ndugu yako, au iandike kwa mkono, kisha uikague kabla hujaihitaji.

Mjomba wangu amekwisha fariki. Mashua yake anayo mwanawe, na kila Ijumaa huenda ufuoni akazipapasa kamba kwa vidole, moja baada ya moja, hata bahari ikiwa shwari.