Sauti Iliyotoka Kwenye Grupu Langu

Grupu nililifungua mwenyewe, usiku wa tarehe 20 Machi 2020, siku tatu baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kutangaza kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona. Nilikuwa nafundisha Hisabati Kidato cha Nne katika shule ya kata wilayani Muheza, na wanafunzi wangu 87 walikuwa wanakabiliwa na mtihani wa taifa mwaka uleule. Sisi walimu ndio tuliokuwa tukiwapekua mabegi na kuwanyang'anya simu. Sasa nikawa naulizia nyumba kwa nyumba: nani hapo ana simu yenye WhatsApp?

Zilipatikana namba 39. Nyingi hazikuwa za wanafunzi. Zilikuwa za mama muuza machungwa, za kaka wa bodaboda, za jirani mwenye moyo. Waliokosa niliwaandikia maswali kwa mkono, nikatoa kopi, nikaziacha kwenye duka karibu na stendi wazifuate.

Nilikuwa naandika swali kwenye ubao mdogo, nalipiga picha, natuma, kisha naeleza kwa ujumbe wa sauti. Bando la wiki lilikuwa linaisha siku ya nne. Lakini ikifika saa mbili usiku, wazazi wakisharudi na simu zao, maswali yalimiminika mpaka nikasinzia nayo mkononi. Kuna kijana ambaye darasani hakuwahi kunyoosha kidole. Kwenye grupu akawa haachi kuuliza. Nilimshukuru Mungu kwa grupu lile, na bado namshukuru.

Sharti langu lilikuwa moja: maswali yaulizwe kwa Kiingereza. Mtihani unakuja kwa Kiingereza, nikaona nawazoesha.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani, binti mmoja, mtoto wa seremala, alituma sauti. Alitaka kujua: ukirusha dadu mbili, kwa nini jumla ya saba hutokea mara nyingi kuliko jumla nyingine? Hata leo nasema hakuna aliyeuliza swali zuri kuliko hilo. Ila neno la Kiingereza la dadu alilitamka kama linavyoandikwa, akakwama, akarudia, akakwama tena. Nilimjibu, nikaweka simu, nikaenda jikoni kuandaa futari.

Siku ya tatu nikaona namba ya baba yake imejitoa.

Kumbe vijana watatu wa darasa langu walikuwa wamechukua namba kutoka grupu langu, wakafungua la kwao ambalo mimi simo. Waliikata ile sauti, wakaiwekea mdundo wa singeli, wakabandika na picha yake. Picha waliitoa kwenye wasifu wa baba yake, ambaye alikuwa ameiweka kwa fahari: binti akiwa na sare za shule. Sauti ile ikafika kijiwe cha bodaboda. Binti akipita kwenda mashineni na debe la mahindi, wanaipiga kwa sauti. Akaacha kutoka nje. Akamwambia mama yake kwamba hata shule zikifunguliwa, yeye harudi.

Niliposikia, nilikaa chini jikoni. Usiku ule sikulala, wala uliofuata. Niliwaza kuacha ualimu.

Nilikwenda kwao baada ya magharibi. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Karibu futari, mwalimu." Walinipa uji na muhogo, na kila tonge lilinikwama. Tulipomaliza ndipo akasema: "Mwalimu, mimi simu hii niliinunua kwa ajili ya wateja wangu. Wewe ndiye uliyeniambia nimpe mtoto." Watu walikuwa wameshamwambia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo aende polisi. Nikamwambia ana haki ya kwenda. Kisha nikamwomba radhi, kwa sababu kosa langu nililiona waziwazi. Shuleni hata mapumziko yana mwalimu wa zamu. Mimi nilifungua darasa, nikaliacha usiku na mchana bila mtu wa zamu, halafu nikawalazimisha watoto waongee mbele ya wenzao lugha inayowapa shida. Binti alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Hakutoka.

Mkuu wa shule alitaka grupu lifungwe. Walimu wenzangu walisema walijua litafika huku. Niliomba nafasi ya pili, maana hakuna aliyekuwa anajua shule zitafunguliwa lini, na nikilifunga wale 39 wangebaki mikono mitupu.

Nilibadili mpangilio, ujumbe ukawa unatumwa na maadmini tu: mimi na mzazi mmoja, mama mkali asiyependa mchezo. Swali likawa linaletwa kwangu faragha, nalituma bila jina. Na sharti langu la Kiingereza nikaliondoa. Aulize kwa Kiswahili, majibu tutayaandika pamoja kwa Kiingereza. Wiki ile maswali yaliongezeka, nikaumia zaidi kujua ni wangapi niliokuwa nimewanyamazisha.

Wale vijana niliwaita na wazazi wao. Muda wa kuufuta ujumbe kwa wote ulikuwa umeshapita, kwa hiyo walitembea kwa miguu, simu hadi simu, wakiomba sauti ile ifutwe. Kijiweni walichekwa. Walirudi kesho yake. Baba wa binti akaamua kutokwenda polisi; uamuzi ulikuwa wake, sikumshawishi.

Mimi nilirudi kwao kila Ijumaa. Ijumaa ya nne, Idi imeshapita, binti alitoka. Hakunisalimia. Aliweka sakafuni vidadu viwili ambavyo baba yake alivichonga kwa vipande vya mninga, akasema kwa Kiswahili, harakaharaka: "Madam, saba inapatikana kwa njia sita kati ya 36. Nimezihesabu zote." Alikuwa amezichora kwa mkaa ukutani, mbili na tano, tano na mbili, zote. Baba yake aligeuka akatazama nje.

Shule zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 29 Juni. Yeye alikuja Alhamisi. Siku tatu zile nilikuwa nasimama getini mpaka kengele ya pili.

Alifanya mtihani, akafaulu, na sasa yuko chuo cha uuguzi. Huwa ananitumia sauti, ndefu, Kiswahili na Kiingereza vikipishana. Juzi ilikuja ya dakika nne nikiwa kwenye daladala. Sikuifungua. Nilifika nyumbani, nikawaita wanangu, nikaiweka kwa sauti kubwa.