Picha ya Baba Ukutani

Baba yangu alipofariki alituachia picha yake moja tu. Ilikuwa ndogo, haipiti kiganja cha mkono, na mama aliiweka ndani ya sanduku la bati, imefungwa katika kipande cha kanga. Kila Jumapili jioni aliifungua, akaitazama, akaifunga tena. Lakini miaka ilipopita macho yake yakapungua nguvu, na unyevu ukaanza kula pembe za picha ile. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, natamani kumwona baba yako ukutani, nisije nikaisahau sura yake."

Neno lile lilinichoma moyo. Nalikwenda mjini kwa wapiga picha, nikauliza bei ya picha kubwa ya turubai yenye fremu. Bei waliyoitaja ilikuwa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi, na ada za watoto wangu zilikuwa hazijalipwa. Nikatoka kichwa chini. Njiani nikakumbuka habari za Edward Saidi Tingatinga, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora picha zake huko Dar es Salaam. Yeye hakungoja turubai wala rangi za bei kubwa. Alitumia vibao vya dari na rangi ya kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972, lakini uchoraji wa namna ile huitwa kwa jina lake hata leo. Nikajiambia, "Kama yeye aliweza, mimi nashindwaje?"

Basi nalinunua marekani. Kitambaa hiki kilipata jina lake katika karne ya 19, wakati meli za wafanya biashara wa Salem, katika nchi ya Marekani, zilipokuwa zikikileta Unguja. Ni cha pamba, kigumu, hakikutiwa rangi, na bei yake ni rahisi. Jirani yangu, fundi seremala, akanikatia papi nne kwa mshazari, tukaziunga kuwa fremu. Akanifundisha na kukaza kitambaa: msumari wa kwanza hupigwa katikati ya upande mmoja, wa pili katikati ya upande unaouelekea, kisha huendelea pole pole mpaka pembeni. Ukianzia pembeni, nyuzi hupinda na kitambaa hufanya makunyanzi.

Kisha nalikwenda katika duka la kutoa nakala. Picha yetu haikuguswa na gundi hata kidogo. Ilipigwa nakala na kukuzwa tu, nami nikairudisha sandukuni. Nakala hiyo ni lazima itoke katika mashine itumiayo wino wa unga, maana unga huo huyeyushwa kwa moto ukashika juu ya karatasi, wala hautoki kwa maji. Wino wa majimaji hutapakaa ukilowa. Nikaweka ubao chini ya kitambaa, nikapaka gundi nyeupe ya seremala, nikailaza nakala kifudifudi, nikaipapasa kwa nguo kavu ili hewa itoke, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikailowesha karatasi, nikaisugua kwa ncha za vidole. Karatasi ikatoka vipande vipande, na wino ukabaki umeshikwa na gundi. Uso wa baba ukatokea.

Nalimwita mama kwa furaha. Akasogea karibu, akatazama kitambo, akasema, "Huyu siye. Kovu la baba yako lilikuwa shavu la kushoto." Nikatahayari. Kilichobandikwa kifudifudi hugeuka, kushoto kukawa kulia, kama sura katika kioo. Nami nalisahau kumwomba mwenye mashine aigeuze nakala kwanza.

Mara ya pili nakala iligeuzwa, lakini nalikuwa na haraka. Gundi ilikuwa haijakauka vema. Nikasugua kwa nguvu, na jicho moja la baba likatoka pamoja na karatasi. Nikakaa kimya, nikaona haya hata kuinua uso. Mama hakunikemea. Alisema tu, "Baba yako alikuwa akingoja mahindi yakauke ndipo ayapukuchue."

Mara ya tatu nalingoja siku mbili. Nikasugua kidogo, nikaacha pakauke, nikalowesha tena, hata utando mweupe wa karatasi ukaisha. Mwisho nikapaka vanishi nyembamba. Kwa kuwa marekani si nyeupe kabisa, mahali palipo peupe katika picha pakapata rangi kama ya maziwa mabichi, ikapendeza. Begani pana doa dogo mpaka leo, nami sikulificha.

Gharama zote, pamoja na kazi mbili zilizoharibika, hazikufika robo ya bei niliyotajiwa mjini. Mama huweka kigoda chake mbele ya ukuta ule kila jioni, wala hana haja tena ya kufungua sanduku.

Wanafunzi wangu, msingoje fedha nyingi ndipo mpambe nyumba zenu. Tazameni kwanza vitu vilivyo karibu nanyi, mwulizeni fundi, mjaribu. Lakini kumbukeni kwamba gundi haijui haraka ya mtu. Kwa miaka mingi naliandika ubaoni methali isemayo, "Haraka haraka haina baraka." Maana yake nalijifunza siku ile nilipoling'oa jicho la baba yangu.