Ameitupa Wapi?

Mwalimu wa sarufi huridhika mwanafunzi aandikapo, "Juma ametupa chupa." Kiima kipo, kitenzi kipo, yambwa ipo. Mimi nifundishaye lugha hapa Kigali naiona sentensi hiyo kuwa na pengo kubwa: haina kielezi cha mahali. Ameitupa wapi?

Swali hili si la mzaha. Chupa ya plastiki iangukayo katika mfereji wa Kigali husukumwa na mvua hadi mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera uingiao Ziwa Viktoria, ambamo Nile hutoka. Upande wa magharibi, kule Rubavu, wenyeji na wageni hupunga upepo kwenye mchanga wa Ziwa Kivu. Maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Ruzizi, na huko Bukavu taka zimepata kukwamisha mitambo ya umeme. Nchi yetu haina bahari, lakini haiko mbali na pwani kama ramani inavyotudanganya.

Pwani yenyewe nimeiona alfajiri. Kabla wageni hawajaamka, wafanyakazi wa hoteli hupita na reki na mafagio, hata mchanga ukawa mweupe kama unga. Ukivuka mpaka wa hoteli, wakuta ndara zilizokatika, vifuniko na nyavu chakavu. Na hapo ndipo mvuvi avutapo ngalawa yake. Usafi wa namna hii ni wa kumpendeza mgeni, naye mwenyeji huachiwa yaliyosalia. Mafundi wa Lamu waliziokota taka kama hizo, zikiwamo ndara zipatazo 30,000, wakaunda jahazi wakaliita Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja, ili watu wayaone kwa macho waliyoyatupa.

Sheria zimesaidia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata 2017, Tanzania Bara 2019. Na mwaka huo huo wa 2019 Rwanda ikaongeza vyombo vya plastiki vitumikavyo mara moja. Nasi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hutoka kwa Umuganda, tukasafisha mitaa tunayoishi wenyewe, si kwa ajili ya mgeni. Lakini askari wa forodha aweza kumpekua msafiri. Mto hawezi kuupekua.

Kivukacho mipaka pamoja na maji ni lugha. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, husemwa Bukavu, Mwanza na Lamu pia. Basi, walimu wenzangu, tuwape wanafunzi insha moja: waifuate chupa kutoka mlangoni pa nyumba zao, mto kwa mto, hadi miguuni pa mtu mwingine, kisha watuandikie mtu huyo angesema nini.