Wanafunzi 15 waliopotea kwenye ripoti

Niko TP huku Ilagala, upande ule Mto Malagarasi unakoingia Ziwa Tanganyika. Kabla hamjaniuliza: ndiyo, migebuka ipo, mawese yapo, na hapana, sibebi kwa ajili ya chumba kizima. Leo nawaletea habari ya programu.

Shule niliyopo wana programu ya kupanga matokeo. Iliandikwa na mshikaji wangu mmoja wa kozi ya kompyuta, bure kabisa, Mungu ambariki. Dirisha na vitufe ni Java, hesabu zote ni Python. Ili mwalimu asisumbuke kuweka vitu viwili kwenye kompyuta ya ofisi, jamaa akatumia Jython, kila kitu kikaingia kwenye faili moja la kubeba kwenye flashi. Wazo zuri sana, wala sitanii.

Sasa Jumatano mwalimu wa taaluma kaniita. "Mwalimu, wewe si unajua haya mambo? Hebu tazama. Kidato cha Nne wako 112, ripoti inasema 97." Kweli bwana. Kuanzia kina Yusufu mpaka kina Zuhura, hakuna mtu. Na kikao cha wazazi ni Jumamosi. Mbaya zaidi, nafasi zilikuwa zimepangwa kwa hao 97, kwa hiyo kila aliyezidiwa na mmoja wa waliopotea alikuwa amepandishwa. Kuna binti mmoja wa herufi Z ambaye kwa alama zake ni wa tatu. Kwenye ripoti hayupo, na wa nne kakalia kiti chake.

Kilichonichanganya ni kwamba nilipofunga programu na kufungua faili la alama, wote 112 walikuwemo! Yaani faili zima, ripoti pungufu.

Nikadhani ni majina. Nikambadilisha yule binti aanze na herufi A, akatokea juu, ila mtu mwingine wa mwisho akatoweka. Basi si jina, ni nafasi. Nikarefusha majina ya wa mwanzo, waliopotea wakaongezeka. Halafu nikajaribu darasa la watu kumi tu, ripoti ikatoka tupu. Hapo nikaacha chai yangu ipoe.

Nikaweka mahali pa kusubiri, katikati ya kuandika alama na kuzisoma. Programu ikiwa imesimama hapo, nikafungua faili. Limekatika katikati ya mstari! Nikaruhusu imalize, nikafungua tena: limetimia. Na mstari usiotimia jamaa kaandika urukwe kimyakimya, ndiyo maana hakuna kosa lolote lililopiga kelele kwenye skrini.

Nieleze kidogo, hasa kwa wale wa Historia na Kiswahili. Unapoandika kwenye faili, maneno hayaendi kwenye diski papo hapo. Yanakusanywa kwanza kwenye kumbukumbu, kama konda anavyosubiri gari lijae. Ukilifunga faili, hata waliobaki wachache wanaondoka. Jamaa hakuandika amri ya kufunga. Na kwake ilifanya kazi kila siku, kwa sababu alijaribia kwenye Python ya kawaida, ile iliyoandikwa kwa C. Ile huhesabu kila kitu kina washikaji wangapi. Kazi ya kuandika alama ikiisha, faili linabaki bila mshikaji hata mmoja, linafungwa saa hiyohiyo.

Jython haihesabu washikaji. Ni Python kwa maneno, lakini inakaa juu ya mashine pepe ya Java, yaani kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta ya kweli, na huko usafi unafanywa na mkusanya taka anayepita anapotaka yeye. Faili la jamaa lilibaki wazi mpaka programu yote inazimwa, wakati ripoti ilishatoka zamani.

Na huwezi kusema Jython imeharibika. Lugha ya Python haikuahidi popote kwamba faili litafungwa mara tu likikosa washikaji, hiyo ni tabia ya ile ya C tu. Mwenye kuhamisha lugha anahamisha yaliyoandikwa kwenye sheria, tabia zinabaki nyumbani. Jim Hugunin alianza kazi hii mwaka 1997, ikiitwa JPython. Baadaye akaigusa mashine ya .NET ya Microsoft akitaka kuonyesha kwamba haifai lugha kama Python, akakuta inafaa, ndipo ikazaliwa IronPython, toleo 1.0 mwaka 2006. Nawapenda watu wa hivyo. Java yenyewe ilisubiri mpaka toleo la 7, mwaka 2011, ndipo ikaongeza amri iitwayo invokedynamic kuwasaidia wageni hawa, maana Python huamua mambo mengi programu ikiwa inakwenda, na Java hupenda kujua mapema.

Dawa yenyewe ni neno moja, "with", ambalo Python wanalo tangu toleo la 2.5 la 2006. Linafunga faili hapo hapo, iwe Python ya C au ya Java. Ripoti ikatoka na watu 112, binti wa Z akiwa wa tatu. Mwalimu wa taaluma kahesabu kwa kidole, mara mbili, ndipo akasaini.

Jamaa nimempigia. Jibu lake: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Teh! Nimemtumia picha za ripoti zote mbili, amenyamaza. Bado kuna sehemu tatu anafungua faili vilevile, mojawapo ni ya michango ya chakula. Hiyo naanza nayo Jumapili, baada ya kufua.